Mizimu au Wazimu? Msimulizi Kijana Asiyeaminika na Nyumba Yenye Majini, kutoka Bly hadi Temeke

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya za nyumba zenye majini huanza, mara nyingi, na swali moja: msimulizi ameona kweli, au akili yake imemdanganya? Swali hilo lina asili yake. Mwaka 1898 Henry James alichapisha The Turn of the Screw, akamkabidhi usimulizi msichana wa miaka ishirini, binti mdogo wa mchungaji maskini wa shamba, aliyeajiriwa kulea watoto wawili katika jumba la Bly huko Essex. Msichana huyo anasema amewaona watu wawili waliokwisha kufa: Peter Quint, aliyekuwa mtumishi wa bwana mwenye nyumba, na Bi Jessel, mlezi aliyemtangulia. Mtunza nyumba, Bi Grose, anasimama naye kando ya ziwa wala haoni kitu. Mwaka 1934 Edmund Wilson alidai kwamba pale Bly hapakuwa na mizimu, ila matamanio ya msichana yaliyobanwa yakatokea katika sura za wafu. Baadaye aliirekebisha hoja yake, lakini mgawanyiko ulikwisha kuzaliwa. Wako wanaoamini mizimu, wako wanaoamini wazimu.

Nadharia mbili ziliupa mgawanyiko huo nguvu ya kudumu. Wayne Booth (1961) ndiye aliyeunda istilahi ya msimulizi asiyeaminika, yaani yule ambaye maneno yake hayalingani na maadili yanayoiongoza kazi nzima. Tzvetan Todorov (1970) akaifafanua fantasia kuwa ni kusitasita kwa msomaji baina ya maelezo mawili, la kimaumbile na lisilo la kimaumbile. Msomaji akishakata shauri, fantasia imekwisha. Nadharia hizi zikiunganishwa, hupatikana kigezo chepesi kukitumia: msimulizi wa nyumba yenye majini haaminiki kwa sababu anaona majini, na ubora wa riwaya hupimwa kwa muda ambao msomaji amezuiwa kukata shauri.

Makala haya yanahoji kigezo hicho. Hoja inayotetewa ni kwamba kikipelekwa katika riwaya ya vijana ambayo mandhari yake ni Temeke au Kinondoni, hakipimi kinachodhaniwa kukipima. Kinampima msimulizi kwa imani yake, hali alistahili kupimwa kwa ushahidi wake. Kosa hilo si la kinadharia tu, kwa maana msimulizi wa riwaya za aina hii ni, mara nyingi, msichana aliye chini ya paa la watu wengine, na linaloamuliwa ni iwapo neno lake litasikilizwa. Hoja itajaribiwa kwa riwaya mbili za Kiingereza zinazosomwa mno, hiyo ya James na We Have Always Lived in the Castle ya Shirley Jackson (1962), zikisomwa pamoja na desturi za usimulizi wa Kiswahili na nyumba zenyewe za Dar es Salaam.

Mzizi mmoja

Lugha yenyewe inatoa onyo la kwanza. Ukilitafsiri swali la Wilson kwa Kiswahili, unapata maneno mawili yenye mzizi mmoja: mizimu au wazimu? Mzizi -zimu umezaa mzimu, kuzimu na wazimu. Mwenye akili iliyoruka ni mwendawazimu. Kitenzi nacho ni kimoja. Mtu hupandwa na jini, hupandwa na wazimu, hupandwa na hasira, na katika hali zote tatu yeye ni mahali palipopandwa, si mtenda. Neno jinamizi nalo limekaa mpakani hivyo hivyo: ni ndoto ya kutisha, ni uzito unaomkalia mtu kifuani asiweze kuinuka, na kwa wengi ni kiumbe. Kwa hiyo pale ambapo msomaji wa Wilson anaona njia panda, msemaji wa Kiswahili anaona njia moja yenye majina mawili. Msichana akisemwa ana wazimu, hajasemwa kwamba hakuona mizimu. Pengine amesemwa kwamba ameona mingi kuliko afya yake inavyoweza kubeba.

Hii haina maana kwamba Waswahili hawakuwa na kipimo cha kuaminika kwa msimulizi. Wanacho, tena cha zamani kuliko Booth. Neno hadithi, linalotumiwa kwa ngano ya bibi na kwa riwaya, ndilo linalotumiwa kwa mapokezi ya kidini, na elimu ya mapokezi hayo huanza na mpokezi: ni nani, amepokea kwa nani, walikutana kweli, ni mwadilifu, kumbukumbu yake ni imara? Ajabu ya jambo lililosimuliwa haitoshi kumwangusha mpokezi. Linalomwangusha ni uongo aliozoea, usahaulifu, au maslahi. Msomaji aliyekaa chuoni utotoni anakijua kipimo hiki hata kama hajawahi kukiita nadharia.

Riwaya ya James ikisomwa kwa kipimo hicho hubadilika sura. Masimulizi ya Bly hayamfikii msomaji moja kwa moja. Yameandikwa na mlezi. Mlezi kamwachia Douglas kabla ya kufa. Douglas kayasoma mbele ya wageni waliokaa kuzunguka moto. Mmoja wa wageni, asiyetajwa jina, ndiye aliyeyanakili. Mnyororo una pete tatu, na pete ya kati, Douglas, alimpenda mlezi huyo. Wahakiki waliomwaga wino mwingi juu ya akili ya msichana wamempita Douglas kwa haraka mno, ilhali mpokezi mwenye mapenzi ndiye ambaye mwanachuoni yeyote wa pwani angemsimamisha kwanza amhoji.

Muhammed Said Abdulla alilielewa jambo hili kwa namna yake. Mzimu wa Watu wa Kale, mswada uliopata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, unaiweka maiti mahali panapoogopwa na kuheshimiwa, kisha unamleta Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa hashughuliki kuwathibitishia wenyeji kwamba mizimu haipo. Anachouliza ni nani aliyefaidika na hofu yao. Ni kweli kwamba riwaya hiyo ni ya upelelezi na mwisho wake hauachi mashaka yoyote, kwa hiyo Todorov angeiondoa katika fantasia bila kusita. Lakini imetoa swali bora kuliko la Wilson, na limetolewa kwa Kiswahili.

Kijana asiyetegemeka akilini naye si mgeni katika fasihi hii. Kazimoto wa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na mwishoni anajiua. Uhakiki umemsoma kwa nuru ya falsafa ya udhanaishi, na ni sawa. Inafaa kuangaliwa, hata hivyo, kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu, mwanamume, akisimulia giza lililomo kichwani mwake huitwa mwanafalsafa. Msichana wa darasa la saba akisimulia giza lililomo chumbani mwake huitwa mgonjwa.

Nyumba isiyo na upweke

Jumba la Bly lina minara, ngazi, na vyumba vitupu. Mlezi anamwona Quint mara ya kwanza juu ya mnara, jioni, akiwa peke yake bustanini. Upweke huo ni sharti la kiufundi. Ili mashaka ya msomaji yadumu, pasiwepo shahidi wa pili, na akiwepo awe kama Bi Grose, mtu mwema asiyejua kusoma, anayekubali kila anachoambiwa mpaka siku aliyoitwa kuona kwa macho yake.

Nyumba ya Kiswahili ya Temeke au Kinondoni haitoi sharti hilo. Ramani yake inajulikana: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba huweza kuwa na mpangaji wake na familia yake. Mara nyingi kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha pili kinajulikana ni cha nani, na ugomvi wa chumba cha tano ni mali ya nyumba nzima. Anayekwenda chooni usiku hupita ukumbini, hufungua mlango wa uani, na angalau mtu mmoja amesikia komeo. Msimulizi wa nyumba hii hawezi kuandika kwamba alikuwa peke yake. Akiandika hivyo, msomaji wa Tandika atacheka kabla hajaogopa.

Matokeo yake ni makubwa. Katika nyumba ya wapangaji, kutoaminika hakuwezi kujificha katika macho ya mtu mmoja, kwa sababu kila anachokiona kina masikio sita ya kukisikia. Kunakaa katika uhusiano wake na hao wengine: nani alisikia akanyamaza, nani aliongeza sauti ya redio, nani alihama mwisho wa mwezi bila kudai kodi aliyokwisha kulipa. Mhakiki hana budi kuwasoma wapangaji kama Bi Grose waliozidishwa, kila mmoja na sababu yake ya kutoona. Mpangaji aliyechelewesha kodi haoni jini la mwenye nyumba. Na kama mwenye nyumba ana chumba kimoja kilichofungwa kufuli mwaka mzima, watu watasema anafuga majini yanayomletea mali. Usemi huo ni hofu, lakini pia ni tathmini ya uchumi wa nyumba, iliyofanywa na watu wasioweza kuuliza kwa sauti kwamba fedha zinatoka wapi.

Nje zaidi, kuelekea Tegeta na Bunju kwa upande mmoja, au Mbagala na Chamazi kwa upande wa pili, yuko jamaa mwingine wa jumba la Kiingereza, naye ni pagale. Nyumba hujengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, tofali mwaka kesho, lenta fedha zikipatikana, bati Mungu akijalia. Mwenyewe akifa, akistaafu vibaya au warithi wakipelekana mahakamani, kuta hubaki na matundu ya madirisha, magugu yakaota sebuleni, na watoto wakaambiwa wasipite pale magharibi. Tofauti na Bly ni ya msingi. Jumba la Kiingereza hutisha kwa yaliyowahi kutokea ndani yake. Pagale hutisha kwa yaliyotakiwa kutokea yasitokee. Hakuna aliyewahi kulala humo. Likiwa na mzimu, ni wa siku zijazo. Nadharia ya nyumba yenye majini iliyojengwa juu ya urithi wa kale haina la kusema juu ya jengo hili, na kijana anayesimulia habari za pagale la marehemu baba yake hajapotoka akili anaposema anasikia watu wakiishi mle. Anasikia familia ambayo ingekuwako.

Lakini mandhari yanayokaribiana mno na ya James ni ya nyumba za geti. Katika sehemu za Kinondoni zenye fensi na mlinzi, mlezi wa Bly anaishi leo kwa jina la dada wa kazi. Ametoka mkoani, ni kijana, pengine ni mdogo kwa umri kuliko mlezi wa James. Analea watoto wa watu. Analala chumba cha nyuma. Na ameambiwa asimsumbue bosi kwa mambo madogo. Sharti hilo la mwisho ndilo hasa alilopewa msichana wa James na mwajiri wake: asiandike, asilalamike, amalize mambo mwenyewe. Dada akisema kuna kitu ndani ya nyumba, jibu linajulikana kabla hajamaliza: majini amekuja nayo kwao. Atafungiwa mizigo, atapandishwa basi. Kumsoma msimulizi wa aina hii kwa kigezo cha Wilson ni kurudia, kwa lugha ya chuo kikuu, uamuzi wa bosi.

Anayesimama mlangoni ni wa ngeli gani?

Wahakiki wanaotumia nadharia za usimulizi katika Kiswahili hutafuta dalili za kutoaminika katika msuko: migongano ya tarehe, mapengo, marudio. Hizo zipo. Hata hivyo dalili nzito zaidi imo katika sarufi, na Kiingereza hakinayo kwa kiwango hicho. Upatanisho wa ngeli humlazimisha msimulizi, kwa kila kitenzi na kila kivumishi, atangaze kile alichokiona ni nini. Sentensi tatu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya mfano: kilisimama mlangoni kimevaa cheupe, lilisimama mlangoni limevaa cheupe, alisimama mlangoni amevaa cheupe. Ya kwanza inaacha mlango wazi, maana kivuli na kitu vyote ni ki-. Ya pili imekwisha kuogopa, imekikuza kile kilichoonekana na kukidharau kwa pamoja. Ya tatu imekubali kwamba ni nafsi. Msimulizi hana njia ya nne. Akitaka kusitasita kwa namna ya Todorov, itambidi abadili ngeli katikati ya aya, na mahali anapobadili ndipo mhakiki aweke kalamu. Badiliko kutoka ki- kwenda a- ni ungamo, lililotoka bila msimulizi kukusudia.

Vivyo hivyo viambishi vya mahali. Chumbani kuna mtu, chumbani pana mtu, chumbani mna mtu: anayesema mna amekwisha kuingia ndani, kwa mwili au kwa hakika. Na neno kumbe lastahili tasinifu yake. Msimulizi anayeangalia nyuma alikwisha kujua mwisho kabla ya kuandika neno la kwanza. Anapoandika kumbe, anaigiza ujinga aliokuwa nao, au anaozusha. Riwaya yenye kumbe nyingi ina msimulizi anayeficha, hata kama hakusema uongo hata mmoja.

Kisha liko jambo zito kupita hayo. Jini, japo kwa umbo ni la ngeli ya li-, hupatanishwa kama kiumbe mwenye uhai: jini ameingia. Na kiambishi a- hakina jinsia. Kwa hiyo sentensi aliingia tena usiku inamtosha jini, inamtosha shangazi, inamtosha mjomba. Msimulizi wa James hana kificho hicho. Kiingereza kinamtaka aseme kama ni mwanamume au mwanamke, na anasema. Msimulizi wa Kiswahili anaweza kuandika kurasa mia bila kusema, wala hatakuwa amevunja kanuni moja ya sarufi au ya adabu. Hapa uhakiki unafika mahali pa kuchagua.

Neno la msichana

Visa vya Popobawa vinafaa kuletwa hapa kama ushahidi wa jinsi jamii inavyosimulia jambo lisilosimulika. Hofu hiyo ilienea Pemba na Unguja mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, na mwaka 2007 ikafika Dar es Salaam. Ilisemwa kwamba kiumbe chenye jina la popo na bawa huingia nyumbani usiku na kuwaingilia watu, wanaume kwa wanawake. Watu walitoka vyumbani, wakalala nje pamoja, wakakesha. Watafiti wameihusisha hofu ya 1995 na siasa za wakati huo, na hoja zao zina uzito. Kinachohusu makala haya ni kipengele kimoja cha masimulizi hayo: ilisemwa kwamba aliyefikwa ni lazima aseme, awaambie majirani, la sivyo atarudiwa. Kusimulia kulikuwa ndiyo kinga. Jamii ambayo kwa kawaida huweka sitara mbele, inayomfundisha mtoto kufunika aibu ya nyumba, ilipata kwa muda mfupi ruhusa ya kusema kwamba nimeingiliwa usiku ndani ya nyumba yangu, bila kumtaja mtu.

Ruhusa hiyo haikuanza na Popobawa. Msamiati wa jini mahaba, anayemjia msichana usingizini na kumharibia uchumba, umekuwepo pwani kwa muda mrefu, na katika nyumba nyingi ni maelezo yanayokubalika mahali ambapo maelezo mengine hayawezi kutamkwa. Kijana wa riwaya anayeandika kwamba jini anamjia anaweza kuwa anasema alichokisema. Anaweza pia kuwa anatumia neno pekee ambalo wazazi wake hawatampiga kwa kulitamka. Mhakiki anayemwita asiyeaminika kwa sababu ya jini amekosa katika hali zote mbili: katika ya kwanza amedharau imani ya msimulizi, katika ya pili ameutupa ushahidi wake.

Pana hatari upande wa pili pia, na uhakiki wa miaka hii unaielekea kwa kasi. Ni kulitafsiri kila jini kuwa mjomba. Usomaji huo una nia njema, lakini unafanya kile kile alichokifanya Wilson: unajua zaidi ya msimulizi kabla hajasema, na unaigeuza nyumba kuwa kitendawili chenye jibu moja. James mwenyewe hakutoa jibu hilo. Aliacha maneno ya Bi Grose kwamba Quint alizoeana na kila mtu kupita kiasi, akaacha shule kumfukuza Miles bila kutaja sababu inayoridhisha, kisha akamwacha mtoto afie mikononi mwa mlezi. Msomaji anayeishi na maswali hayo matatu hana haja kubwa ya kujua kama mnarani palisimama mtu. Watoto wa Bly walidhuriwa na mtu aliyekuwa hai, na madhara hayo yanasimama iwe mlezi ameona au hakuona.

Pendekezo linalotokana na hayo ni kubadili mpangilio wa maswali. Badala ya kuanza na kama kuna jini, uhakiki uanze na yale ya mpokezi na ya Bwana Msa: anayesimulia anamsimulia nani, anapata nini akiaminiwa, anapoteza nini, na nani mwingine alikuwemo nyumbani usiku ule. Jini aachwe abaki. Baadhi ya wasimulizi wataonekana waaminifu kabisa kuhusu majini yao na wenye kuficha kuhusu ndugu zao.

Bakuli la sukari

Riwaya ya Jackson ndiyo inayoonyesha kwamba pendekezo hili linafanya kazi hata mahali ambapo hakuna jini. Mary Katherine Blackwood, kwa jina la nyumbani Merricat, ana miaka kumi na minane. Anaishi na dada yake Constance na ami yao mgonjwa, Julian, katika jumba lililojitenga na kijiji. Miaka sita nyuma karibu familia nzima ilikufa mezani kwa sumu iliyotiwa katika bakuli la sukari. Constance alishtakiwa, akaachiwa huru. Merricat huzika vitu ardhini, hutundika kitabu mtini, huchagua maneno ya kumkinga dada yake. Kwa lugha ya Temeke angesemwa anaweka zindiko. Mhakiki wa kigezo cha mashaka angeanzia hapo: binti anaamini hirizi, kwa hiyo haaminiki.

Angekuwa amepotea, kwani hirizi za Merricat zimesimuliwa kwa uaminifu mtupu. Alizika kweli, alitundika kweli. Alichokinyamazia ni sukari. Ni yeye aliyetia sumu, akiwa na miaka kumi na miwili, usiku aliopelekwa kulala bila chakula, na alijua kwamba Constance hatumii sukari. Msomaji analisikia hilo akiwa amekwisha kumpenda, tena kwa maneno mafupi baina ya dada wawili ambao wote walikuwa wakijua. Hakuna kumbe. Jackson amemtunga msimulizi anayesema kweli juu ya uganga wake na kunyamaza juu ya jikoni, na kilichomwongoza ni maslahi: Constance abaki naye, asiletwe mtu mwingine mezani. Binamu Charles anapokuja na macho yake kwenye fedha za nyumba, Merricat anamwita mzimu, na usemi huo, kwa kipimo cha nani anafaidika, ni sahihi kabisa.

Upo pia mstari mmoja wa Ami Julian ambao wahakiki wa mizimu wameukimbilia: anamwambia Charles kwamba Mary Katherine alikufa zamani, katika nyumba ya yatima, wakati wa kesi. Wengine wamechukua hapo kwamba msimulizi mwenyewe ni mfu. Ni usomaji wa kuvutia, ila unasahau kwamba Julian ni mzee anayeandika historia ya sumu iliyomharibu, ambaye kumbukumbu yake ndiyo inayotetereka kuliko ya wote, na ambaye kwa miaka sita hajataka kuzungumza na mtoto huyo. Mtu anaweza kumfisha jamaa yake kwa kutomsemesha. Katika nyumba ya vyumba sita neno la kufanya hivyo lipo, kususa, na kila mpangaji anajua siku kulipoanza.

Mwisho wa riwaya ndio unaoirudisha Afrika Mashariki bila mwandishi kukusudia. Jumba linashika moto. Wanakijiji wanakuja kuzima, kisha wanalivunja kwa mawe. Julian anakufa usiku huo. Akina dada wanarudi kuishi jikoni, ghorofa ya juu imeungua na kubaki wazi mbinguni, madirisha yamezibwa. Watoto wanaanza kutishwa kwa jina la nyumba ile. Nao wanakijiji, mmoja mmoja, gizani, wanaanza kuleta vyakula na kuviweka mlangoni, pamoja na vijikaratasi vya kuomba radhi kwa kiti kilichovunjwa au chombo kilichopasuliwa. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo atatafuta neno la mahali pa namna hiyo, palipovunjika, panapoogopwa, ambapo watu huacha chakula kwa hofu na majuto bila kumwona anayekila. Neno lipo, ni lile lile alilolitumia Abdulla katika jina la kitabu chake, na katika maana hiyo huchukua upatanisho wa u-: mzimu umezibwa madirisha, mzimu umepelekewa kuku. Anayesimulia kutoka ndani yake, akisikia nyayo zikirudi nyuma kizani, ni msichana aliye hai, anayejua kilichokuwa katika bakuli la sukari.